Basi la Shaba na Basi la Bati



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mzazi mmoja wa parokia yetu alitujia na kutueleza mashaka yake. "Bwana Mwalimu," alisema, "mwanangu ana miaka kumi na miwili. Kila atokapo shuleni hukaa nyuma ya nyumba akikunja nyaya na kukata mikebe. Asema anatengeneza motokari. Je, nimpige au nimwache?" Tulimwomba atuvumilie juma moja tu, tumjibu katika ukurasa huu, kwa sababu swali lake ni la wazazi wengi.

Jibu letu ni hili: usimpige, wala usimwache vivi hivi. Liko swali moja ambalo mtoto huyo apaswa kuulizwa, na asipoulizwa, sisi wakubwa twaweza kuwa washiriki katika kosa lake. Neno hili hatukulisoma kitabuni. Tulijifunza kwa kuaibika. Sikilizeni habari yenyewe.

Kila apitaye katika njia za Kampemba, tangu Bel-Air hata upande wa viwanda, amewaona watoto wakisukuma magari ya waya. Gari li chini, mtoto yu wima, na kati yao kuna fimbo ndefu yenye usukani wa waya uliokunjwa mviringo. Magurudumu ni vizibo vya chupa, au ni raba ya kandambili zilizochakaa. Watu wazima hupita pasipo kutazama. Lakini atazamaye vema ataona ya kuwa mtoto yule aliliona lori likielekea mgodini, akalitia moyoni, akarudi nyumbani akalitoa tena kwa vidole vyake: sanduku la mizigo mahali pake, kioo mahali pake, hata bomba la moshi. Kazi hiyo yataka macho, kumbukumbu na subira, na mwenye hayo matatu hawezi kuitwa mvivu.

Basi, mwaka jana tulikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Jina lake hatutalitaja. Katika kabati la shule kulikuwa na kitabu kikuukuu kilichoachwa na mmisionari mmoja mzee, nacho kilikuwa na picha za mji wa London wakati wa vita vya 1939 hata 1945. Katika picha moja lilionekana basi la ghorofa, watu wakiingia kwa nyuma, na kando ya njia nyumba zimebomoka. Kijana alilitazama picha nzima ya mapumziko. Kisha akauliza, "Mwalimu, mbona basi hili lina pembe kama sanduku? Mabasi mengine ya kitabu hiki yana mgongo wa mviringo."

Swali lilikuwa jema, nasi hatukuwa na jibu. Tulitafuta habari, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yameishinda Ufaransa, serikali ya Uingereza ilisimamisha utengenezaji wa mabasi, ili viwanda vifanye kazi ya vita. Lakini watu waliofanya kazi katika viwanda hivyo walipaswa kufika kazini kila asubuhi, na mabasi mengine yalikuwa yamechakaa au yameharibiwa na mabomu. Hivyo serikali ikaruhusu mabasi mapya, lakini kwa sharti kali: yasiwe na kitu chochote kisicho cha lazima. Kiwanda cha Guy Motors katika mji wa Wolverhampton kilianza mwaka 1942 kutengeneza basi lililoitwa Guy Arab, na mengi kati ya hayo yaliendeshwa kwa injini ya Gardner ya silinda 5. Hata vita vilipokwisha, kiwanda hicho kilikuwa kimetoa zaidi ya mabasi 2,000 ya namna hiyo. London peke yake ilipokea 435.

Sharti hilo ndilo lililoyapa sura yake. Alumini yote ilikuwa ya ndege za vita, kwa hiyo fundi wa mabasi alipewa bati la chuma. Mafundi wa kufua bati mpaka liwe mviringo kama kichwa cha mtungi walikuwa wametwaliwa kwa kazi nyingine, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya paa iliungwa kwa vipande vilivyonyooka, pembe kwa pembe. Viti vingi vilikuwa vya mbao tupu, za kupangwa moja moja kama benchi la bustani. Madirisha yaliyofunguka yalikuwa machache mno. Dirisha la nyuma ghorofani mara nyingi lilizibwa kwa bati, kwa kuwa kioo kilikuwa haba. Taa zilifunikwa ili ndege za adui zisizione, na kingo za basi zikapakwa rangi nyeupe ili watu wasigongwe gizani. Hata mbao za ndani zilikuwa mbichi, zisizokaushwa vya kutosha, na baada ya vita nyingi zilioza, ikabidi mabasi mengi yajengwe upya. Ndani yake walikaa watu 56: 30 ghorofani na 26 chini.

Tulipomsomea kijana habari hizo, alicheka kwa furaha. "Kumbe nao walikosa vitu kama sisi!" akasema. Tangu siku ile alitaka kulijenga.

Kwanza tulimfundisha kipimo, kwa sababu gari la waya la njiani hujengwa kwa kukisia, bali mfano wa kweli hujengwa kwa hesabu. Basi lile lilikuwa na urefu wa karibu futi 26, yaani meta 7 na sentimeta 92. Upana wa futi 7 na nusu, yaani meta 2 na sentimeta 29. Na kimo cha futi 14 na nusu hivi, yaani meta 4 na sentimeta 42. Waingereza wengi wapendao kujenga mifano ya mabasi hutumia kipimo cha moja kwa 76, maana yake milimeta 4 kwa kila futi moja; basi zima huwa na urefu wa sentimeta 10 tu na nusu hivi. Kwa mkasi na koleo za kwetu hilo ni dogo mno. Tulichagua moja kwa 20. Kijana akagawanya mwenyewe ubaoni: urefu sentimeta 40 kasoro kidogo, upana sentimeta 11 na nusu, kimo sentimeta 22. Wanafunzi ambao siku zote waliichukia hesabu ya kugawanya walikuja kusimama nyuma yake, kila mmoja akitaka kumkosoa.

Kosa la kwanza lilionekana katika mchoro wake: aliuweka mlango wa nyuma upande wa kuume. Hatukumsahihisha upesi. Tulimwuliza, "Huko Uingereza magari hupita upande gani wa njia?" Akafikiri. Hapa Kongo twapita kuume, na abiria hushukia kuume. Huko hupita kushoto, na abiria hushukia kushoto. Lau basi lake lingetengenezwa kama alivyochora, watu wote wangeshukia katikati ya barabara. Alifuta, akachora tena. Hivyo alijifunza kwamba mfano haukubali uongo hata katika jambo dogo.

Mpaka hapo yote yalikwenda vema. Sasa twafika kwenye kosa letu.

Sikukuu ya shule ilikuwa karibu. Kijana aliomba alimalizie basi nyumbani, nasi tukakubali. Alipolileta, watu wote walinyamaza. Alikuwa amelijenga lote kwa waya mnene wa shaba, uliosuguliwa kwa majivu na ndimu hata uking'aa kama vyombo vya altare. Nguzo za madirisha, ngazi ya nyuma, magurudumu, vyote shaba. Hata pembe za paa zilikuwa zimelainishwa, kwa sababu shaba hukunjika kwa urahisi, na kijana aliona ni vizuri zaidi zikiwa za mviringo. Tulilitazama, tukasifu. Tulilipa zawadi ya kwanza. Padri Paroko alilibariki. Hatukuuliza neno lolote.

Hamtaamini, wasomaji, lakini ni kweli: tunaishi Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba, ambapo hata mtoto ajua bei ya kilo moja, na sisi hatukujiuliza mtoto wa kibarua ameipata wapi shaba ya kujengea basi zima. Uzuri wa kazi ulikuwa umetufumba macho. Au tuseme kweli yote: hatukutaka kuuliza, kwa sababu jibu lingeiharibu sikukuu.

Siku chache kabla ya sikukuu ile, waya wa umeme ulikuwa umekatwa usiku katika mtaa mmoja jirani. Nyumba zikakaa gizani siku sita. Katika nyumba moja ya uzazi mkunga alimpokea mtoto kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na nyanya yake. Kwa neema ya Mungu, mama na mtoto walipona. Habari hiyo sote tuliisikia, tukawalaani wezi, kisha tukaenda kulishangilia basi la shaba. Mambo hayo mawili yalikaa katika kichwa kimoja, wala hayakukutana.

Aliyeyakutanisha ni mama yake kijana. Yeye hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Alikuja shuleni siku ya Jumatatu, basi limefungwa katika kitenge, mwanawe akimfuata nyuma, akaliweka juu ya meza yetu. "Mwalimu," alisema, "ninyi mmempa zawadi. Mimi nimemwuliza." Hakuongeza kitu, wala haikuhitajika. Kijana akasema yote huku akitazama chini: waya aliununua kwa vijana wakubwa wa mtaa, kwa franka alizokusanya kwa kubeba maji. Walimwuzia kwa bei ndogo sana. Yeye alijua kwa nini bei ni ndogo. "Nilifikiri," alisema, "kwa kuwa sikukata mimi, si dhambi yangu."

Je, watu wazima wangapi wa mji wetu husema maneno hayo hayo kila siku? Anunuaye chuma kikuukuu pasipo kuuliza husema hivyo. Auzaye kwa mnunuzi huyo husema hivyo. Nasi tuliotoa zawadi tulisema hivyo, ingawa hatukufungua kinywa. Lakini katekisimu tuliyofundishwa sote yasema wazi kwamba anayepokea kitu cha wizi huku akijua, hushiriki wizi, na anapaswa kurudisha.

Tena shaba ya Katanga si kitu cha kuchezea. Wazee wetu wanajua. Katika vita vile vile vilivyoleta mabasi yale ya pembe, shaba ya nchi yetu ilipelekwa kwa Waingereza na wenzao kwa kazi ya vita. Wafanyakazi wa Union Minière waliongezewa kazi, na bei za vitu zikapanda, lakini mishahara haikupanda nazo. Desemba 1941 waligoma kazi. Tarehe 9 ya mwezi huo, hapa hapa mjini, ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira, na makumi wakauawa. Hao walikuwa wakidai malipo ya haki kwa jasho lao. Shaba iliyogharimu hivyo, je, tuikate usiku nguzoni, tuiuze kwa bei ya maandazi, na kumwacha mwanamke ajifungue gizani?

Kijana alilifungua basi lake mwenyewe, waya kwa waya, mbele ya baba yake na mbele yetu. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, na haikuwa rahisi kuitazama. Kisha sisi watatu, baba, kijana na mwalimu, tuliupeleka waya kwa mkubwa wa mtaa, tukaeleza yote. Kijana alirudisha zawadi, nasi tukasimama mbele ya shule nzima tukasema kwamba wa kwanza kukosa si yeye bali ni sisi, tuliosifu kabla ya kuuliza. Walimu wenzetu wengine walituambia kwamba tumejivunjia heshima. Sisi hatukuona hivyo. Tangu siku ile wanafunzi wametuletea maungamo mengi madogo ambayo zamani wangeyaficha.

Wasomaji watauliza: na basi je? Basi lilijengwa tena.

Mara hii kijana alitumia vitu ambavyo aweza kutaja kila kimoja kilikotoka. Mkebe wa mafuta ya kupikia, ambao mama yake aliumaliza, ukawa kuta. Vijiti vya mwavuli wa padri, uliovunjwa na upepo wa mvua, vikawa nguzo. Mbao za sanduku la sabuni zikawa viti, nazo zilipangwa moja moja kama ilivyoandikwa. Raba ya kandambili ya mdogo wake ikawa magurudumu. Rangi ilikuwa masalio ya ile iliyopakwa mlango wa shule, ya kijivu.

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitazamia. Bati la mkebe halikubali kukunjwa mviringo huku na huku. Ukililazimisha hujikunyata na kupasuka. Kijana alilazimika kukata vipande vilivyonyooka na kuviunga pembe kwa pembe, sawasawa kama walivyofanya mafundi wa mwaka 1942, na kwa sababu ile ile. Kioo hakikutosha, akaliziba dirisha la nyuma ghorofani kwa bati. Nalo katika mabasi ya kweli ndilo lililozibwa. Basi la shaba lilikuwa zuri, lakini halikufanana na lile la kitabu: lilikuwa laini mno, tajiri mno. Basi la bati lilipowekwa kando ya picha, hata mwanafunzi mdogo alisema, "Ndilo." Umaskini wa mikono yake ulikuwa umekutana na umaskini wa wale mafundi, na ukweli ukatoka humo.

Wako wazazi watakaosema: sawa, lakini kazi hiyo itampa mtoto chakula gani? Hatuahidi chakula. Ila twawakumbusha habari za mwananchi wetu Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 na kufa 2015. Alikuwa mwalimu kama sisi, huko Kinshasa, akaanza kujenga majumba na miji midogo kwa karatasi, maboksi na vitu vilivyotupwa. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa, watu wa huko walisita kuamini kwamba ni yake, ikabidi atengeneze nyingine mbele yao. Akatengeneza. Wakamwajiri. Mwaka 2018, baada ya kufa kwake, miji yake ya karatasi ilionyeshwa New York, katika makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa. Tazameni: aliposhukiwa, hakuwa na la kuogopa, kwa kuwa alijua kila kipande kilikotoka na kila gundi ilivyopakwa. Mtu wa namna hiyo husimama mahali popote.

Kwa hiyo, ewe mzazi uliyetuuliza, hili ndilo jibu. Kaa na mwanao nyuma ya nyumba robo saa. Tazama kazi yake na uisifu inapostahili, kwa maana mtoto asiyesifiwa na baba yake huenda kutafuta sifa kwa wengine. Mpe rula, umwambie apime badala ya kukisia. Mwonyeshe namna ya kukunja kingo za bati ndani, zisimkate. Kisha, kwa sauti ya upole, chukua kila kitu mkononi, kimoja baada ya kingine, na umwulize, "Hiki umekipata wapi?" Akijibu bila kusita, mshukuru Mungu kwa kukupa fundi. Akitazama chini, usichukue fimbo kwanza. Shika mkono wake, mwende pamoja kukirudisha. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Nanyi wanafunzi mjengao magari, jengeni bila aibu. Msiwaonee wivu wenye shaba. Bwana wetu alikaa miaka mingi katika karakana ya seremala kabla ya kuhubiri, na alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika jambo dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia. Sentimeta 40 za bati ni jambo dogo kweli. Anzeni hapo.

Basi la bati liko bado juu ya kabati la darasa letu. Rangi imeanza kubanduka, na gurudumu moja limepotea. Mama yake kijana alipokuja mwezi uliopita kulipa karo, alilichukua, akaligeuza chini juu, akaona maandishi ya mkebe wake wa mafuta ndani ya paa. Akatabasamu, akalirudisha mahali pake.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu wa Kampemba